Picha Tisa Zisizo na Mahali

Kuna watu husema kisasi hakina ladha. Waongo. Mimi nilikila kwa wiki tatu, asubuhi na jioni, nikanenepa. Nilipanda ngazi za ofisi yetu ya Nguba nikiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, na yule mtu niliyekuwa ninamsubiri akadhani nimetulia, nimekubali kosa, nimejifunza heshima. Aliniambia hivyo mbele ya mashine ya fotokopi: "Naona sasa umekuwa mtoto mzuri." Nikamjibu, "Ndiyo, shefu."

Nitamwita shefu, maana ndivyo alivyopenda kuitwa, na jina lake sitaki lipite kinywani mwangu. Alikuwa ametoka Kinshasa kuja kusimamia mradi wetu. Kwetu Bukavu jua huchomoza mapema kuliko kwao, kwa hiyo saa zetu ziko mbele kwa saa moja. Kila anayeshuka kwenye ndege kutoka Kinshasa hurekebisha saa yake kabla hajachukua mzigo. Yeye alikataa. "Nchi ni moja, mji mkuu ni mmoja, na saa ni ile ya mji mkuu," alisema kwa Kifaransa, maana Kiswahili chetu alikiita lugha ya sokoni. Alifika kwenye mikutano akiwa amechelewa saa nzima, akaita kule kuchelewa cheo chake. Sisi tulimcheka mgongoni, tukamvumilia usoni. Mshahara ulitoka kwake.

Mradi ulikuwa wa kuorodhesha nyumba zilizoning'inia juu ya erosio ya Bagira, tarafa moja ya mji wetu. Erosio ni neno letu la lile korongo ambalo mvua hulichimba katikati ya watu: kwanza linachukua choo, halafu jiko, halafu usiku mmoja linachukua chumba na waliolala ndani. Wenye nyumba za ukingoni wangepewa viwanja vipya nje ya mji, mahali tambarare. Viwanja vilikuwa vichache, kwa hiyo kila nyumba ilipaswa kuonekana kwenye ramani, ndani ya mstari mwekundu ambao injinia aliuchora kando ya korongo. Nyumba ikiwa ndani ya mstari, unahama. Ikiwa nje, unabaki.

Nyumba ya mama yangu ilikuwa ndani ya mstari huo bila ubishi wowote. Ni nyumba ya mbao aliyoachiwa na marehemu baba, na nyuma ya jiko lake palikuwa na ufa ulioweza kumeza mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Mama aliuziba kwa majivu na mawe, mvua ikaufungua, akauziba tena. Anauza maharage kwenye soko la Bagira na hana tabia ya kulalamika. Lakini msimu ule alianza kulala na viatu, na aliponiambia hilo huku anacheka, mimi sikucheka.

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha. Watu wakienda uwanjani walirudi na vitu vitatu: fishi za karatasi zenye majibu ya wenye nyumba, picha za nyumba zenyewe, na mashine ya GPS iliyorekodi njia yao hatua kwa hatua, pamoja na saa ya kila hatua. Kamera yetu ilikuwa ya zamani, haikujua mahali ilipo, ilijua saa tu. Basi nilikuwa ninaipa kompyuta picha pamoja na ile njia, nayo inatafuta: picha hii ilipigwa saa ngapi, na saa hiyo miguu ya hawa watu ilikuwa wapi? Papo hapo inaichomeka picha kwenye ramani, na fishi yenye namba ile ile inafuata. Ni kama kazi ya mshenga. Ukikosea saa, unamwoza mtu bibi wa jirani.

Siku ya Bagira mwenzetu mmoja aliumwa, nikaenda uwanjani mwenyewe, pamoja na kijana mwenzangu wa ofisi aliyekuwa na kazi ya kuuliza maswali. Mimi ndiye niliyechagua tuanzie kwa mama, silifichi. Kwetu mgeni wa kazi haanzi kazi na tumbo tupu, na nilijua chai ya maziwa ingekuwa motoni. Tukanywa, tukala mihogo, na saa mbili kamili asubuhi niliwasha GPS mlangoni pake. Tulipiga picha nyumba tisa za ukingoni, kila mwenye nyumba ameshika kibao cheusi cha mwanafunzi chenye namba yake ya chaki. Mama alishika cha kwake kwa mikono miwili, kifuani, bila kutabasamu. Kwake picha ya serikali haichekewi, hata ukimwambia mara mia kwamba sisi si serikali.

Saa tatu tukapanda barabara ya juu, kwenye ardhi ngumu, mahali ambapo erosio haijafika na pengine haitafika. Huko tulipiga picha pia, kwa sababu maelekezo yalisema tupige mlima wote. Nyumba ya kwanza ya barabara ya juu ni ya mjane mmoja ambaye ni rafiki wa mama tangu nikiwa mgongoni. Wanaimba pamoja kwaya ya parokia, na Ijumaa wanatembelea wagonjwa, mmoja amebeba uji, mwingine amebeba sabuni. Alituuliza kama picha ingemdhuru mtu. Nikamwambia hapana, tantine, ni picha tu.

Nilipokaa kwenye kompyuta jioni ile, programu iliniuliza kama inavyouliza siku zote: saa ya kamera na saa ya GPS zinatofautiana kwa kiasi gani? GPS huchukua saa yake kwenye satelaiti, haibembelezeki. Kamera ilikaa kwenye droo ya shefu, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Nikaenda kumwuliza. Hakuinua hata kichwa.

"Kamera niliirekebisha mimi mwenyewe. Andika sifuri."

Nikaandika sifuri. Ningeweza kuomba niione kwa macho yangu. Sikuomba.

Matokeo yalipotoka, picha za mlima mzima zilikaa kwenye ramani isipokuwa tisa. Kompyuta ilisema hizo tisa hazina mahali, kwamba saa zilipopigwa hapakuwa na njia yoyote iliyorekodiwa. Zilikuwa ni zile tisa za ukingoni. Na kando ya korongo, ndani ya mstari mwekundu, zilikuwa zimejipanga nyumba nyingine tisa. Macho yangu yalikuwa kwenye zile zilizopotea tu, hizo nyingine sikuzitazama vizuri.

Jumatatu kwenye mkutano nikainua mkono, nikasema kuna picha tisa hazikupata mahali, tuziangalie upya kabla orodha haijabandikwa. Shefu akaniomba niziweke ukutani kwa projekta. Nikaweka. Ya kwanza ilikuwa ya mama, na kibao chake kifuani.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama yangu, shefu."

"Ah." Akasogea karibu, akasoma maandishi madogo chini ya picha. "Hii imepigwa saa moja na dakika kumi na mbili. Kazi mlianza saa ngapi?"

"Saa mbili kamili."

"Basi saa moja ulikuwa unafanya nini na kamera ya mradi nyumbani kwa mama yako?"

Nilisema haiwezekani, tulipiga baada ya saa mbili, muulize mwenzangu. Yule kijana aliyekunywa chai ya mama, vikombe viwili, akaangalia viatu vyake. Kontra yake ya kazi ilikuwa inaisha mwezi ule, hilo nilijua, na hata hivyo sijamsamehe hadi leo. Shefu akageuka kwa wenzangu wote akacheka. Akasema hii ndiyo tabia yetu watu wa huku, familia kwanza, kwamba nimeamka mapema kumpigia picha mama na majirani wa mama ili niwaingize kwenye orodha kwa mlango wa nyuma, lakini mashine imenikamata, mashine haina shangazi. Kisha akaitazama tena ile picha, polepole, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi sandali.

"Na anajua kusimama," alisema. "Inaonekana amezoea kuomba."

Watu kadhaa walicheka. Mimi nilizima projekta. Mama yangu hajawahi kuomba kitu kwa mtu, hata chumvi hupeleka kikombe kikiwa na maharage ndani. Nikarudi kitini, nikaikalia mikono yangu. Mchana nilipewa barua ya onyo, nikahamishiwa kwenye kona ya fotokopi, na kesho yake orodha ikabandikwa kwenye ukuta wa komini, ofisi ya tarafa: jina la mama halimo, majina ya majirani zake wanane hayamo. Chini waliandika kwamba walioorodheshwa wajiandae kuhama, na kwamba baada ya wiki tatu kutakuwa na mkutano wa kuithibitisha orodha mbele ya watu wote, na mjumbe wa wafadhili wa mradi akiwepo.

Siku ile ile mama alinipigia simu.

"Mwenzangu wa barabara ya juu, jina yake iko kwenye liste," alisema. "Amekuja hapa analia. Ananiambia, dada, ginsi gani mimi niko na wewe hauko? Nimemwambia Mungu ndiye anajua."

"Wewe ungoje, maman. Itatengenezwa."

"Nani atatengeneza?"

"Mimi."

Hakuniuliza zaidi. Na mimi sikujiuliza jinsi nyumba ya ardhi ngumu ilivyoingia ndani ya mstari mwekundu. Hasira huziba masikio, na siku ile yangu yalikuwa yamezibwa kwa nta.

Alhamisi nilikuwa ninatoa nakala za picha za Bagira kwa ajili ya faili. Zilitoka kwenye mashine moja baada ya nyingine, zina joto, na mimi nilizipanga bila kuzitazama. Moja ikanisimamisha. Ilikuwa nyumba ya mwisho ya barabara ya juu, na nyuma yake ua wa shule ya msingi umejaa watoto wa sare ya bluu na nyeupe, wanakimbizana, wengine wamepanda ukuta. Chini iliandikwa saa tatu na dakika kumi. Nilisoma shule hiyo miaka sita. Kengele ya mapumziko pale inagongwa saa nne. Iligongwa saa nne wakati wa mama, ikagongwa saa nne wakati wangu, na mwalimu mkuu ambaye angewatoa watoto saa tatu wazazi wangemfuata na fimbo. Nikasimama na karatasi mkononi. Shefu alipita, akanyoosha mkono kuchukua nakala zake, na mkono wa shati ukapanda. Saa yake ilisema saa saba na nusu. Ile ya ukutani juu ya kichwa chake ilisema saa nane na nusu.

Nikakaa chini. Mambo yote yakaja mara moja. Aliirekebisha kamera mwenyewe, ndiyo, kwa saa ya Kinshasa. Kila picha ya Bagira ilikuwa saa moja nyuma. Picha ya saa mbili na dakika kumi na mbili ikaandikwa saa moja na dakika kumi na mbili, kabla GPS haijawashwa, kwa hiyo ikakosa mahali. Na picha za saa tatu, za barabara ya juu, zikaandikwa saa mbili, zikaenda kukaa pale miguu yetu ilipokuwa saa mbili: kwenye ukingo wa korongo. Nyumba ya mjane rafiki wa mama ilikuwa imetua juu ya nyumba ya mama sawasawa.

Siku ile ningeweza kugonga mlango wake. Hatua kumi na mbili kutoka kona ya fotokopi. Ningesema, shefu, kamera iko nyuma saa moja, naye angenung'unika, angerekebisha, orodha ingebandikwa upya Ijumaa, na barua yangu ya onyo ingebaki kwenye faili, na yale maneno juu ya mama yangu yangebaki yamesemwa, yamechekewa, yameisha. Sikutaka yaishe hivyo. Nilitaka safari hii achekwe yeye. Nilitaka asimame mbele ya ukuta, mbele ya watu wa Bagira, mbele ya mjumbe wa wafadhili, atazamwe kuanzia kichwani hadi viatuni. Mvumilivu hula mbivu, na mimi niliamua kuvumilia wiki tatu.

Nikaikunja ile picha ya ua wa shule, nikaitia mfukoni, nikarudi kutoa nakala.

Wiki zile sikwenda Bagira hata mara moja. Niliogopa kwamba nikikaa jikoni kwa mama nitasema, na mama akijua, kwaya nzima itajua. Nilimwambia kazi ni nyingi. Kwenye chumba changu cha kupanga nilifanya mazoezi mbele ya kioo: namna ya kuinua mkono, namna ya kusema "samahani, shefu" bila sumu. Nilijua kuna watu tisa wamepewa kisicho chao. Nikawaza, watafurahi wiki tatu bure, kuna ubaya gani? Mvua ilinyesha mara nyingi, na kila iliponyesha nilimpigia mama simu, nikasikia sauti yake, nikalala usingizi mzuri.

Siku ya mkutano ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Mkuu wa komini alikaa mbele, mjumbe wa wafadhili kando yake na mkalimani wake. Mama alikaa katikati na majirani zake wa ukingoni, wamekunja mikono. Mstari wa pili alikaa rafiki yake, amevaa kitenge cha Jumapili. Shefu alionyesha ramani yake, akasema maneno ya usahihi na sayansi, mkalimani akafuata. Walipofika kwenye maswali, niliinua mkono kama nilivyojizoeza.

"Samahani, shefu. Kwenye mkono wako sasa ni saa ngapi?"

Alidhani ninamkumbusha muda. Akatazama. "Saa tatu na nusu."

"Saa ine na nusu!" wakapiga kelele watu wa nyuma, na ukumbi ukaanza kucheka, kwa sababu Bagira nzima inamjua mtu wa Kinshasa asiyegeuza saa. Yeye naye alicheka kidogo. Nikaenda mbele, nikaomba projekta, nikaweka picha ya ua wa shule.

"Wazazi," nikasema, "hawa watoto wanafanya nini?"

"Récré! Mapumziko!"

"Récré ya shule hii iko saa ngapi?"

"Saa ine!" Ukumbi mzima, vikongwe hadi wanyonyao.

"Kamera ya shefu inasema saa tatu."

Kicheko kikakatika. Nikaeleza, kwa Kiswahili cha sokoni, polepole, kila mtu aelewe. Halafu nikafungua programu, pale nilipokuwa nimeandika sifuri nikaandika saa moja, nikabonyeza. Nukta zote kwenye ramani zikatembea. Tisa zilizokuwa ukingoni zikapanda barabara ya juu, na tisa zisizo na mahali zikatokea kando ya korongo, moja moja, ya mama ikiwa ya kwanza. Watu wakapiga makofi, wanawake wa ukingoni wakapiga vigelegele. Mimi nilimtazama yeye tu. Alikuwa amesimama kwenye mwanga wa projekta, ramani imemwangukia usoni, na jasho limeshuka hadi kwenye kola. Mjumbe alimwuliza kitu kwa sauti ndogo, naye akajibu kwa sauti ndogo zaidi. Nikamwambia, kwa Kifaransa chake, ili asikose neno: "Shefu, mama yangu yuko pale katikati. Unaweza kumwangalia anavyosimama."

Ilikuwa tamu. Nitasema uongo kwa nani? Ilikuwa tamu kuliko nilivyowaza.

Katika zile kelele mjane wa barabara ya juu alisimama, akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Na mimi, mutoto wangu? Mimi sasa niko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. "Wewe tantine uko huku juu. Kwako haiko hatari. Usiogope."

Akatazama ile nukta kwa muda. Akasema "asante", akaketi. Nilidhani amefurahi.

Jumapili nikapanda kwa mama na nyama kilo mbili na kreti ya soda. Nilitaka tusherehekee. Nikamkuta mama uani anamenya mihogo, na rafiki yake amekaa kwenye kigoda kando yake, naye anamenya. Ndani, kwenye chumba kilichokuwa changu, niliona masanduku mawili na sufuria zilizofungwa kwenye shuka. Mwenye masanduku alinisalimu, akaniuliza habari za kazi, akainuka kwenda kuchota maji, ingawa pipa lilikuwa limejaa.

"Anakaa hapa?" niliuliza.

"Atakaa wapi?" mama alijibu.

Kwetu mtu anayehama hubeba paa lake. Mabati ndiyo nyumba, mbao hufuata. Yule mjane aliposoma jina lake ukutani, alishusha mabati, akayapandisha kwenye gari la binamu yake lililokuwa linaelekea upande wa viwanja vipya, mapema, kabla wenye magari hawajapandisha bei. Na kwetu pia mjane hulindwa na nyumba iliyosimama. Ikisimama, hakuna wa kumgusa. Ikishuka, mashemeji wanakuja na kamba. Wa kwake walikuja siku tatu baadaye, wakapima kiwanja, wakapanda uzio, wakamwambia si amepewa kwingine na wazungu. Sasa orodha ilikuwa imemtoa, na pale alipokuwa na nyumba palikuwa pameanza kuchimbwa msingi wa mtu mwingine.

Nilianza kumlaani shefu. Nilimlaani vizuri, kwa Kiswahili na kwa Mashi. Mama aliendelea kumenya. Nilipomaliza akaniuliza bila kuinua macho.

"Wewe ulijua siku gani kama ile saa haiko sawa?"

Ningeweza kudanganya. Ila mama huyu alinizaa.

"Siku ya ine. Ile juma ya liste."

"Alhamisi," alisema, kana kwamba anamwambia mtu mwingine. "Yeye alishusha manjanja siku ya posho, alipotoka soko. Mimi mwenyewe nilimushikia ngazi." Manjanja ni mabati, na posho ni Jumamosi. Akatupa muhogo kwenye beseni. "Ile siku ya ine na siku ya posho, katikati, wewe ulikuwa wapi?"

"Nguba."

"Telefone ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Ulinipigia siku ya tano. Uliniuliza kama mvua ilinyesha."

Nilisema, maman, yule mtu alikutukana. Alisimama mbele ya watu akakuita mwombaji. Nilifanya kwa ajili yako. Nilisema hivyo mara mbili, mara ya pili nikipiga kelele. Mama alifuta kisu kwenye kitenge.

"Mimi matusi yake sikuyasikia," alisema. "Wewe ndiye ulisikia. Shika kisu kingine, tumalize hii mihogo kabla ya mwenzangu kurudi."

Tukamenya. Nyama niliipika mimi, tukala watu watatu, na mjane yule aliniwekea kipande kikubwa kuliko cha kwake.

Wiki iliyofuata mama alikuja ofisini Nguba kwa mara ya kwanza maishani mwake, amevaa kitenge cha misa na viatu vya kufunga. Shefu alikuwa anafungasha. Walikuwa wamempangia kazi nyingine Kinshasa, na Ijumaa wangemfanyia tafrija ya mishikaki na bia. Hakuna aliyemfukuza. Amerudi kule ambako saa yake iko sawa, na nikiwaza hivyo usiku meno yananiuma. Mama alimpita bila kumtazama. Alikwenda kwa mwanamke aliyeshika nafasi ya shefu, akamwambia kwamba kiwanja alichopewa anampa mwenzake. Mwanamke yule alimweleza hatari, akamwonyesha mstari mwekundu, akamwuliza kama amelazimishwa. Mama akasema hapana, yeye ameuzoea ule ufa. Akatia kidole kwenye wino.

Faili likaletwa kwangu, kwa sababu nilikuwa nimerudishiwa kompyuta yangu na sifa zangu zote. Nikafungua fishi ya mama. Nikafuta jina lake, nikaandika la rafiki yake, mahali pale pale, kwenye ukingo. Ndivyo ile kamera ilivyokuwa imeandika tangu mwanzo. Programu ikaniuliza sababu ya mabadiliko, nikaandika: kwa hiari.

Rafiki wa mama anakaa mahali tambarare sasa. Amepanda viazi, na mwishoni mwa mwezi anashuka na kikapu kumletea mama. Sijamsamehe yule mtu na sitamsamehe. Akirudi Bukavu kesho nitamtafutia kisasi kingine, na nitakipata. Lakini nimekwisha kumwomba mama ahamie kwangu mara nyingi sana, na kila mara anasema chumba cha kupanga ni cha mtu mmoja.

Jana mvua ilianza saa kumi jioni, ile nzito inayotoka ziwani. Nilitoka nje ya ofisi na simu, nikasimama chini ya baraza. Iliita muda mrefu.

"Maman, uko?"

Nilisikia maji yanavyopiga bati lake, na kitu kinachovutwa sakafuni.

"Niko," alisema. "Acha nizibe huku nyuma."